Kupasha mkono wa kwotabeki kabla ya mechi: kupiga goti, kusimama, au mikanda ya mpira?

BabaK_Houston
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu ameanza sekondari hapa Houston na amepangwa kwotabeki, yaani yule anayewarushia wenzake mpira, kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya mwaka wa kwanza. Mimi nimekulia kwenye kandanda Morogoro, huu mchezo naujifunza ukubwani, ila mazoezi yake nayafuatilia kwa karibu. Ninachotaka kulinganisha ni namna ya kupasha mkono. Nasikia njia tatu zikitajwa sana: kurusha umepiga goti moja, kurusha umesimama, nyayo zimetulia, kiwiliwili tu kinazunguka, na kuvuta mikanda ya mpira iliyofungwa kwenye uzio. Muda wa kupasha ni mfupi na uwanja unagawanywa na wageni. Mngeanza na ipi, ipi mngeiacha?

Mkuki_Minnesota
Goti ningeliacha siku ya mechi. Mimi nilirusha mkuki shuleni kule Eldoret, na kurusha ni kurusha. Tazama tena Julius Yego alivyotupa mita 92.72 Beijing mwaka 2015. Mguu wa mbele unakita, nyonga inafunguka, bega linafuata, mkono unakuja mwisho kabisa, na mwili umeenda mbele kwa nguvu hadi akaanguka kifudifudi. Sasa ukimpigisha mtoto goti umeikata miguu yote. Unampasha mkono ufanye kazi peke yake, halafu dakika chache baadaye unamtaka arushe yadi 30 kwa mwili mzima. Asimame.

KochaMsaidizi_DesMoines
Ndugu yangu wa mkuki, kuhusu nguvu uko sahihi. Lakini goti halipo kwa ajili ya nguvu, lipo kwa ajili ya kuona. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, goti la kulia chini, mguu wa kushoto mbele ukielekea kwa mpokeaji, umbali wa yadi 10 hivi. Mpira unaanzia kifuani kwa mikono miwili, unapanda hadi usawa wa sikio, kiwiko hakishuki chini ya bega. Hapo mtoto hawezi kuficha kosa kwa kuruka hatua. Ncha ya mpira ikiyumba hewani, tazama vidole: cha shahada ndicho kinatakiwa kuuachia mpira mwisho. Kikitangulia kutoka, mpira unatetemeka njia nzima na mpokeaji anapata shida kuudaka.

Watoto wa mwaka wa kwanza wanalihitaji hilo, hasa wakiwa na woga wa mechi. Mirusho michache tu kisha anainuka. Ninachokipinga ni timu zinazokaa kwenye goti nusu ya muda wa kupasha.

DadaFizio
Shikamooni wakubwa. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo. Mikanda naona mmeiruka, na kwangu ndiyo ya kwanza. Bega linashikiliwa na misuli minne midogo inayokikamata kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Misuli hiyo ndiyo inaufungia mkono breki mpira ukishatoka. Ikiwa baridi, mkono unakwenda kasi bila wa kuusimamisha.

Ila BabaK, achukue mkanda mwepesi. Kiwiko kigande ubavuni, avute kwenda nje taratibu, arudishe taratibu zaidi. Akianza kukunja uso, mkanda ni mzito mno; siku ya mechi hatujengi misuli. Na kabla ya mkanda akimbie kidogo hadi jasho lianze kutoka. Bega ni la kuheshimu: Drew Brees, kwotabeki wa ligi kuu ya Marekani, aliumia la kulia mechi ya mwisho ya msimu wa 2005, akapasuliwa, na ndipo baadaye akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na timu ya Saints, Februari 2010. Aliyerudi hivyo alikuwa na wataalamu kila siku. Mtoto wa shule hana.

Mkuki_Minnesota
Dada, marahaba, kwa mikanda nakubali. Huku Oktoba ikifika tunapasha tukiwa na makoti. Kwenye goti bado sijashawishika, ila mirusho michache haitamdhuru.

BabaK_Houston
Asanteni sana. Kwa hiyo: mbio nyepesi, mikanda, goti kidogo, kisha kusimama? Na kurusha huku anakimbia pembeni nako kuwekwe wapi?

KochaMsaidizi_DesMoines
Mwisho, na usikuache. Akishasimama, aanze yadi 10, mpokeaji arudi nyuma yadi tano tano kwenye mistari ya uwanja. Kisha kurudi nyuma hatua tatu na kuachia, halafu hatua tano. Baada ya hapo akimbie kulia arushe, akimbie kushoto arushe. Kushoto kwa mrushaji wa kulia ni kugumu: lazima azungushe nyonga na mabega kuelekea lengo kabla ya kuachia, vinginevyo mpira unabaki nyuma ya mpokeaji. Hiyo ndiyo inapewa muda mwingi, muda ukibana punguza goti.

Na mpokeaji awe yule atakayecheza naye kwenye mechi. Wewe mzee simama pembeni, mtazame kiwiko.