Kabati la vioo, kontena la plastiki au kasha la mbao: midoli ya mashujaa isiyo na maboksi ihifadhiwe wapi hapa Tanga?

MwanaRaskazone
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina mkusanyiko wa midoli ya mashujaa ambayo yote imekwisha kutolewa kwenye maboksi yake ya kiwandani. Mingi ni ya inchi 3.75, ukubwa ambao kampuni ya Kenner iliueneza kwa midoli ya filamu ya Star Wars kuanzia mwaka 1978 na ambao kampuni ya Hasbro iliutumia kwa midoli ya askari ya G.I. Joe ya mwaka 1982. Michache ni ile minene ya Masters of the Universe ya kampuni ya Mattel. Nyumba yetu iko Raskazone, karibu na bahari kiasi kwamba bawaba za madirisha hazikawii kushika kutu. Nimefikiria njia tatu zilizotajwa kwenye kichwa cha mada, nami naomba mnilinganishie kwa hali ya hewa ya hapa kwetu, kwa kuwa nasaha nyingi ninazozisoma zimeandikwa na watu wa nchi za baridi.

SeremalaNgamiani
Nianze na kasha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nitasema kweli hata kama ninajikosesha oda. Kasha la mbao lina faida ya giza, maana mwanga ni adui mkubwa wa rangi, lakini mbao hunyonya unyevu wa masika na kukaa nao hata baada ya mvua kukatika. Mbao mpya, na hasa plaiwudi yenye gundi nyingi, hutoa mvuke wenye asidi ambao huchochea kutu kwenye pini na skrubu ndogo za viungo. Habari ya mchwa sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Tanga. Ukishikilia kasha, lipakwe vanishi ndani na nje, liachwe wazi wiki kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, liinuliwe kwa miguu na lisigusane na ukuta.

BiChumbageni
Mimi ni mtu wa kabati la vioo, wala sioni raha ya kukusanya vitu visivyoonekana. Tatizo lake ni jua. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale yenye madhara, na iliyobaki hutosha kugeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano. Wenye askari weupe wa Star Wars wa miaka ile wanalijua jambo hili vizuri. Kwa hiyo kabati liwekwe kwenye ukuta usiopigwa na jua asubuhi wala jioni, milango yake ifungwe mpira wa kuziba upenyo, na taa ziwe za LED ambazo hazina joto kali. Midoli laini itegemezwe kwa vishikizo, kwa sababu joto la kaskazi, hasa Januari na Februari, hulegeza miguu, na mdoli ukisimama peke yake hujikunja polepole mpaka ukaanguka.

MwalimuKemia
Kabla ya kuchagua chombo, yafaa kwanza kujua mdoli umetengenezwa kwa nini, kwa sababu mmoja huweza kuwa na plastiki zaidi ya aina moja. Sehemu ngumu mara nyingi ni ABS, ilhali vichwa laini na makoti yanayokunjika aghalabu ni PVC. PVC kwa asili yake ni ngumu, kama mabomba ya maji yanavyoonyesha. Hulainika kwa kuchanganywa na vilainishi vyenye asili ya mafuta, na kwa kuwa vilainishi hivyo havikufungamana nayo kikemia, joto na miaka huvitoa polepole hadi juu ya ngozi ya mdoli. Ndiyo sababu mdoli uliokuwa mkavu huanza kunata na kushika vumbi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kisha ukaushwe kivulini. Spiriti isitumike, kwa kuwa huweza kuondoa rangi.

Hapo ndipo kontena la kubana linapokuwa na sura mbili. Likitiwa silika, yaani chembe za kunyonya unyevu, huzuia unyevu na chumvi ya bahari kuliko kabati lolote, lakini mvuke wa vilainishi nao hukosa pa kutokea na hurudi kutua juu ya midoli ile ile. Kwa maoni yangu, jibu ni kutenganisha. Midoli migumu yenye pini za chuma ikae kwenye kontena la kubana; midoli ya PVC laini ikae kwenye chombo kinachopitisha hewa, ndani ya chumba chenye ubaridi kuliko vyote, na isilaliane. Tazameni pia alama ya pembetatu chini ya chombo: namba 5, ambayo ni polipropilini, na namba 2 au 4, ambazo ni polithini, zinafaa. Namba 3 ni PVC yenyewe. Namba 6 ni polistirini, ambayo hulainishwa na vilainishi ikigusana na mdoli laini, hata vikagandana.

Mlushoto
Huku kwetu milimani joto si hoja, ila ukungu tunao wa kutosha. Je, vidonge vya nondo haviwezi kusaidia dhidi ya wadudu na koga?

MwalimuKemia
Ndugu Mlushoto, hapana. Mvuke wa naftalini huweza kulainisha baadhi ya plastiki na kuharibu rangi, na harufu yake haitoki upesi.

MwanaRaskazone
Nawashukuru. Silika nitaipimaje, na silaha ndogo ndogo za midoli niziweke wapi?

BiChumbageni
Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke ndani ya kontena, kisha ulenge kati ya asilimia 40 na 55. Silika ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba maji, nayo hurejeshwa kwa kumwagwa kwenye sinia ya bati na kupashwa moto kwenye oveni kwa takriban nyuzi 120. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, basi iepuke ikiwa nyumbani kuna watoto. Silaha ziweke kwenye kisanduku chenye vyumba, kile ambacho maduka ya vifaa vya ujenzi huuza kwa ajili ya skrubu, na kila chumba kiandikwe jina la mdoli wenye silaha hizo. Usizifunge mikononi mwa midoli kwa mpira wa noti, kwani mpira huo huyeyuka na kuacha doa lisilofutika.

SeremalaNgamiani
Kwa G.I. Joe kuna jambo la nyongeza: ndani ya kiuno mna pete ya mpira, na ikizeeka hukatika, mdoli ukagawanyika vipande viwili. Hakuna chombo kitakachoizuia kuzeeka, lakini pete mpya huuzwa, na hubadilishwa kwa kufungua skrubu ya mgongoni. Skrubu hiyo ndiyo ya kuikagua kila baada ya masika, maana ikishika kutu huvunjika kichwa na hapo hufungui tena.

MwanaRaskazone
Basi midoli migumu nitaitia kwenye makontena ya namba 5 pamoja na silika, na ya PVC laini itakaa kwenye kabati la Bi Chumbageni, lakini upande wa korido ambako jua halifiki. Makontena nitayaweka chini ya kitanda. Juu ya kabati ni karibu mno na bati.

BiChumbageni
Chini ya kitanda sawa, ila uyainue juu ya vipande vya mbao, maana sakafu ya saruji hutoa unyevu wakati wa mvua.