Mvua za Msimu zinanyesha kwa vipande: nipulizie viazi kwa ratiba au kwa hali ya shamba?

Mwana_Kipengere

Ndugu wanajukwaa, poleni na kazi. Ninalima viazi mviringo Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, na msimu huu nina jambo ambalo nimeshindwa kuliamua peke yangu. Nina mashamba mawili yaliyopandwa wiki ya kwanza ya Desemba kwa mbegu moja na mbolea moja. Moja, la ekari moja na nusu, liko juu mlimani karibu na msitu. Jingine, la ekari mbili, liko chini upande wa tambarare, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Huko juu mvua haijakatika tangu tupande, ingawa mara nyingi ni manyunyu tu, na asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne. Huko chini zilinyesha mvua kubwa mbili mwishoni mwa Desemba, zikakatika kwa siku 19, na wiki iliyopita zimerudi kwa nguvu.

Muuzaji wa pembejeo amenishauri nipulizie dawa ya ukungu kila siku ya saba katika mashamba yote mawili, mvua inyeshe isinyeshe. Nimepulizia juu mara tatu na chini mara moja, na fedha iliyobaki inatosha kununua dawa ya kupulizia mashamba yote mara nne tu, ilhali viazi vina siku 52 na vinahitaji angalau siku 50 nyingine. Jirani yangu wa chini hajapulizia kabisa. Anaamini kwamba jua lile la wiki tatu limeua ugonjwa, na amenipa bure dawa iliyomsalia ya kutu ya ngano, ule ugonjwa wa majani ya ngano. Naomba kuuliza: je, nigawe vipi dawa hii? Na shamba la chini, baada ya ukame ule, lina mavuno ya kutosha kurudisha gharama, au ninaongeza hasara juu ya hasara?

Mgani_Mstaafu

Ndugu, umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yana sehemu kubwa ya jibu. Wakulima wengi hupima hatari ya bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya viazi, kwa wingi wa mvua, na hapo ndipo wanapopotea. Vimelea vya ugonjwa huu havihitaji mvua ya kujaza mitaro. Vinahitaji jani libaki limelowa kwa saa nyingi katika ubaridi. Mvua ya milimita 40 inayonyesha alasiri, kisha upepo ukakausha majani kabla ya jua kuzama, inaweza kuwa na hatari ndogo kuliko manyunyu ya milimita mbili yanayofuatwa na usiku wa ukungu. Lugha yetu imeyapa mambo haya mawili jina moja, ukungu wa angani na ukungu wa jani, na kwa viazi vya mlimani jina hilo moja linasema kweli.

Waingereza wana kanuni wanayoitumia tangu 2017, iitwayo kanuni ya Hutton: siku mbili mfululizo ambazo joto halishuki chini ya nyuzi 10, na kila siku kuwe na angalau saa sita ambazo unyevu wa hewa ni asilimia 90 au zaidi. Kwao tahadhari hutolewa siku zinapotimiza masharti hayo. Kwa shamba lako la juu, mwezi wa Januari, karibu kila usiku unayatimiza, na ndiyo maana huko ratiba ya muuzaji haina kosa kubwa. Kosa lake ni kulihamishia shamba la chini bila kulitazama.

Sasa huko chini. Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Siku 19 za jua hukata mzunguko wa ugonjwa, kwa sababu mbegu za kimelea zinazopeperushwa hewani hufa haraka zinapokaushwa na kuchomwa na jua. Lakini zinaposhuka nyingine kutoka mashamba ya juu kwa upepo, zinakuta nini? Zinakuta viazi vilivyonyweshwa ghafla baada ya kiu, vikatoa majani mapya laini ambayo hayajawahi kuguswa na dawa. Mankozebu, ile dawa ya ukungu ya kukinga, hukaa juu ya jani ilipodondokea. Haihami kwenda kwenye jani lililochipua baadaye, na mvua kubwa huiosha. Kwa hiyo ule mpulizio wako mmoja wa chini uhesabu kama haupo. Ningepulizia huko sasa, mara mvua inaporejea, kabla ya kuona doa la kwanza, kisha ningeongozwa na ukaguzi.

Ukaguzi nao una namna yake. Nenda kabla umande haujakauka, pita kwenye sehemu za bondeni na penye kivuli, na geuza majani. Doa la bakajani chelewa huonekana kama limemwagiwa maji ya moto, na chini ya jani, pembezoni mwa doa, utaona utando mweupe. Ukiona badala yake madoa makavu ya kahawia yenye duara ndani ya duara kwenye majani ya chini yaliyozeeka, hiyo ni bakajani tangulia, ambayo hupenda mimea iliyochoshwa na ukame. Katika shamba lako la chini ninatarajia hii ya pili zaidi, na haina kasi ya kumaliza shamba kwa wiki moja kama ile ya kwanza.

Dawa ya kutu ya ngano usiitumie kwa bakajani chelewa. Kimelea chake, ingawa tunakiita ukungu, si ukungu halisi. Kiko karibu zaidi kiukoo na mwani, na dawa nyingi zinazoua kutu hazikigusi kabisa. Utatumia maji, nguvu na siku, na shamba litaungua vilevile.

Dawa zenye metalaksili huingia ndani ya mmea na kupanda na maji hadi majani mapya, na ndiyo sababu ya bei yake. Zitumie mara moja au mbili kwa msimu, wakati mmea unakua kwa kasi na kabla ugonjwa haujaenea. Ukizirudia kila wiki, unachagua wewe mwenyewe vimelea sugu, na usugu wa aina hii umejulikana Ulaya tangu 1980.

Mama_wa_Uporoto

Ninaheshimu maneno ya mgani wetu, na kuhusu shamba la chini ninakubaliana naye. Ninaongeza tahadhari kwa sababu nimelipa ada yake. Mwaka mmoja, shamba langu la mlimani lilipata siku tano za jua kali katikati ya Februari, nami nikaruka mpulizio mmoja ili kuokoa fedha za palizi. Siku ya sita ukungu ulirudi, siku ya saba nilikuwa msibani, na niliporudi siku ya kumi na moja majani yalikuwa meusi mstari kwa mstari. Madoa unayoyaona leo ni maambukizi ya siku nne au tano zilizopita, kwa hiyo anayesubiri kuona ndipo anunue dawa amekwisha kuchelewa. Kaka yangu, kama fedha ni za mipulizio minne ya mashamba yote, mimi ningeipa juu mitano au sita na chini miwili, kuliko kugawa sawa kwa sawa.

Kuhusu mavuno ya chini, nakuambia ninavyotazama mimi kabla ya kutumia shilingi nyingine. Ukame umelipata shamba lako wakati viazi vinaanza kufunga, yaani kujiunda ardhini, kati ya siku ya 25 na ya 44, na viazi vilivyokosa kufunga wakati ule havirudi vyote. Fukua mashina matano katika pembe tofauti, uhesabu. Ukikuta viazi vinne au vitano vyenye ukubwa wa yai, shamba linalipa dawa. Ukikuta viwili, mavuno yatakuwa machache, na vingine vitakuwa na vinundu au nyufa kwa sababu ya maji yaliyorudi ghafla, na mnunuzi wa magunia atavitupa pembeni mbele ya macho yako. Hapo pulizia mara moja tu, kulinda ulichonacho.

Shamba_Kinangop

Habari kutoka Nyandarua, Kenya. Hakuna aliyeuliza kuhusu aina ya mbegu, nami nadhani swali hilo lingetangulia. Hapa kwetu wengi wetu tunapanda Shangi kwa kuwa inakomaa mapema na soko linaitaka, lakini inashambuliwa upesi sana na ugonjwa huu, na mtu mwenye Shangi hana nafasi ya kusubiri. Mwenye Sherekea anaweza kurefusha siku kati ya mpulizio na mpulizio, kwa sababu ugonjwa hutembea polepole ndani yake. Ndugu, umepanda mbegu gani?

Mwana_Kipengere

Ninawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Mbegu ni Asante, nilinunua kwa mzalishaji, hazikutoka gulioni.

Leo alfajiri nimekwenda mashamba yote mawili. Juu nimekuta madoa yenye utando mweupe kwenye mashina manane, yote upande wa msituni ambako jua hufika mwisho. Nimeyang'oa, nimeyafukia mbali, na kwa kuwa mawingu yalipisha saa tano nimepulizia shamba lote, chini ya majani pia, dawa yenye mankozebu na saimoksanili, ambayo hupenya ndani ya jani. Chini sikuona utando wowote, ila duara za bakajani tangulia kwenye majani ya zamani. Nimefukua mashina matano kama Mama alivyoelekeza: matatu yana viazi vinne, moja lina vitano, moja lina viwili. Nimeamua kulipulizia kesho mankozebu peke yake, halafu nilikague kila siku ya nne, na fedha iliyobaki iende juu. Dawa ya ngano nimemrudishia jirani, na amekubali tukague shamba lake pamoja.

Swali langu la mwisho: ikiwa ugonjwa utanizidi juu mwezi wa Machi, viazi vikiwa karibu kukomaa, je, niendelee kupulizia au nikate majani?

Mgani_Mstaafu

Kata, na usichelewe kukata. Majani yaliyougua yakinyeshewa, mvua huziteremsha mbegu za kimelea hadi kwenye viazi, na viazi vilivyoambukizwa huozea ghalani vikiwa vimeshahesabiwa kuwa mali. Sehemu ya Asante iliyofikisha siku 90 inaweza kukatwa. Toa majani yote nje ya shamba, acha viazi ardhini kwa wiki mbili ili ngozi ikaze, kisha chimba siku ya udongo mkavu. Na kwa kuwa hatujafika huko bado, wiki hii pandisha udongo kwenye matuta ya juu, hasa upande ule wa msituni, pasionekane kiazi chochote kilicho wazi.