Mama anamsindikiza mgonjwa Chennai wiki sita: simu gani na laini gani isiyomaliza hela?

Mzabibu wa Makutupora

Wakuu, salaam. Mama anamsindikiza mzee India, Chennai, kwa matibabu ya wiki kama sita. Wanashuka Dar kwa treni, ndege wanapandia huko na kubadilisha Dubai.

Mama ana Tecno ya 4G ya laini mbili. Ndani kuna laini moja ya Voda yenye M-Pesa, na namba hiyohiyo ndiyo ya benki na WhatsApp. Ana na kitochi pembeni. Anachohitaji ni kuongea na sisi kila siku, kupata meseji za benki zenye namba za uthibitisho, kuwapigia watu wa kulekule (hospitali, dereva, mwenye nyumba) na kututumia picha za majibu ya vipimo. YouTube hana habari nayo.

Nimepewa ushauri wa aina tatu: awashe romingi (kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa nje) kwenye Voda yake na yaishe, anunue eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa kwenye simu) mtandaoni, asajili Airtel hapahapa Dodoma kwa sababu Airtel ipo India. Bajeti ya mambo yote ya simu ni laki na nusu. Kununua simu mpya tungependa tukwepe.

Fundi wa One Way

Hilo la Airtel litoe kwanza kichwani. Kampuni mama ni moja, Bharti Airtel, lakini laini iliyosajiliwa Tanzania ikifika Chennai ni mgeni kama laini nyingine yoyote ya Tanzania. Inatozwa bei ya romingi. Asinunue kwa ajili hiyo.

Simu mpya hahitaji. Laini mbili kwenye Tecno ndiyo dawa yenyewe: Voda ibaki tundu la kwanza kwa kazi ya kupokea meseji tu, laini ya Kihindi iingie tundu la pili ifanye yote yaliyobaki. Ila fungua kitoroli cha laini uangalie leo. Simu nyingine tundu la pili ni la kugawana, ama laini ama kadi ya kumbukumbu. Kama picha za mama ziko kwenye kadi hiyo, zihamishie kwenye simu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Romingi yenyewe si adui, adui ni data yake. Ukiwa nje, kupokea meseji kwa kawaida hakutozwi. Kupokea simu kunatozwa, jambo ambalo watu wa huku hawalitegemei kwa sababu nyumbani anayepiga ndiye anayelipa. Data bila kifurushi cha romingi inahesabiwa kwa MB, na simu janja haitulii: WhatsApp inanakili mazungumzo, programu zinajisasisha, picha za magrupu zinashuka zenyewe. Tuseme MB moja ni shilingi 1,000 (mfano tu, bei ya kweli waulize kampuni), video moja ya harusi ya MB 20 kwenye grupu la ukoo imeshakula elfu ishirini na mama hajaifungua hata.

Kwa hiyo kabla hajaondoka, piga 100 au pita dukani mthibitishe kwamba romingi imewashwa upande wa kampuni. Bila hiyo, laini itafika India ikakaa kimya, na meseji za benki hazitaingia. Muulizeni pia mhudumu namba kamili ya huduma kwa wateja inayoanza na +255, kwa sababu 100 ya Chennai si ya Voda. Acheni salio kidogo, elfu tano au kumi; likiisha wewe ukiwa Dodoma unaweza kumrushia vocha.

Kisha kwenye simu, laini ya Voda izimwe swichi ya romingi ya data. Hiyo ni tofauti na kuzima laini: laini inabaki hai, meseji zinaingia, data haipiti.

Kondoa Tech

Naongezea kwa Fundi. Simu ikiwa na laini mbili kuna kipengele kinachoruhusu simu ihamie yenyewe kwenye data ya laini nyingine pale ya kwanza inapokuwa dhaifu. Kizime. Hapo ndipo salio hupotelea kwa watu walioamini wamezima kila kitu.

Na kuna mtego wa kuelekeza simu. Mtu akipiga Voda ya mama naye asipopokea, kama kuna uelekezaji kwenda kisanduku cha sauti, simu ile inakuwa imeshaenda India na inarudi Tanzania. Anaweza kutozwa safari zote mbili kwa simu ambayo hakuipokea. Kabla ya kuondoka, akiwa bado Dodoma, apige ##002# kwenye laini ya Voda. Inafuta uelekezaji wote. Halafu ndugu waambiwe waziwazi: namba hiyo haipigwi kwa kawaida, WhatsApp tu.

Dada wa Kikuyu Kusini

Laini ya India, sikilizeni vizuri maana hapa ndipo watu hukwama.

Mgeni hasajili kama tunavyosajili hapa kwa NIDA na kidole. Duka litaomba pasipoti, viza, picha ndogo, anwani ya unapofikia, na mara nyingi namba ya simu ya mtu wa pale. Abebe picha za pasipoti nne na nakala mbilimbili za ukurasa wa pasipoti wenye picha na za viza. Nakala ya ukurasa wenye muhuri wa kuingia atatoa hukohuko. Hospitali kubwa zinazopokea wagonjwa kutoka nje huwa na dawati lao. Awaandikie kabla ya kusafiri awaulize kama wanasaidia laini, maana wengi hufanya hivyo na anwani yao inakubalika bila maswali.

Laini haiwaki papo hapo. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima, na wakati mwingine kuna simu ya uhakiki ya kupiga kwanza. Atunze risiti na karatasi ya fomu, asitupe kile kikadi cha plastiki alichotolea laini.

Sasa kampuni ipi. Jio ni rahisi kuipata lakini haina 2G wala 3G, ni 4G na 5G tupu. Maana yake simu ya kawaida ya sauti inapita kwa VoLTE tu, yaani sauti inayosafiri ndani ya mtandao wa 4G. Kitochi cha mama kwenye Jio ni kipande cha plastiki. Hata Tecno, kama VoLTE haifanyi kazi na mtandao huo, data itapita vizuri, WhatsApp itaita, ila akitaka kumpigia dereva simu ya kawaida haitoki. Airtel ya India ilizima 3G mwaka 2020 lakini 2G imebaki, kwa hiyo simu isiyo na VoLTE inashuka 2G na kuita. Data inasimama kwa muda huo wa maongezi, basi. Kwa mtu mzima ambaye hatutaki ahangaike na mipangilio, ningechukua Airtel ya kule.

Kuhusu masafa, kwenye sehemu ya maelezo ya simu yake mtandaoni (tafuta modeli kamili, iko nyuma ya boksi) tazama orodha ya 4G. Masafa hayo hupewa namba zinazoitwa bendi. Simu ikiwa na bendi 3 na 40 atakuwa sawa Chennai. Bendi 5 na 8 zinasaidia ndani ya majengo, na hospitali ni kuta nene, kwa hiyo zikiwepo ni neema.

Vifurushi vya kule vingi ni vya siku 28, vyenye kiasi fulani cha data kila siku, mfano GB 1.5, pamoja na simu za ndani bila kikomo. Data ya siku isiyotumika haihamii kesho. Wiki sita ni siku 42, hivyo anunue cha siku 28 kwanza. Kikiisha atajua kama anahitaji kingine kamili au kifupi. Anunue kwa fedha taslimu dukani. Kujaza mtandaoni kwa kadi ya benki ya kwetu mara nyingi kunakataliwa. Na asipige +255 kwa kutumia laini hiyo akidhani ni sehemu ya simu za bure. Za nje ni kifurushi kingine.

Mzabibu wa Makutupora

Asante dada, hili la Jio hakuna aliyelitaja. Je GB 1.5 kwa siku inatosha? Na eSIM mnaiacha kabisa?

Kondoa Tech

GB 1.5 inatosha na kubaki. Simu ya sauti ya WhatsApp inakula kama nusu MB kwa dakika au pungufu, kwa hiyo nusu saa ni takriban MB 15. Ya video ni kama mara kumi yake, nusu saa weka MB 150. Picha ikitumwa kawaida WhatsApp inaibana hadi maandishi madogo ya majibu ya maabara yanakuwa ukungu. Mfundishe kutuma kama faili: alama ya kibanio cha karatasi, kisha kipengele cha nyaraka, kisha achague picha. Inakuwa MB 2 hadi 4, lakini daktari wa huku anasoma kila tarakimu. Picha za CT na MRI zinatolewa kwenye CD au kwa kiungo. Za CD asijaribu kuzituma, azibebe.

eSIM: apige *#06#. Ikitokea namba inayoitwa EID pamoja na zile za IMEI (namba za utambulisho wa simu), simu inakubali eSIM. Isipotokea, mjadala umekwisha. Tecno nyingi za bei ya kawaida hazina.

Hata zikiwa nayo, eSIM nyingi za wasafiri ni data tupu, hazina namba ya simu. Programu za teksi za kule zinataka namba ya kuthibitisha, waifai ya umma nayo hivyohivyo. GB yake ni ghali kuliko ya laini ya mtaani. Kazi yake nzuri ni moja, kuziba pengo la siku ya kwanza au ya pili kabla laini ya Kihindi haijawaka. Kosa linalojirudia kwa wanaoinunua: hawawashi romingi ya data kwenye eSIM hiyo. Wameambiwa romingi ni hatari, wakazima kila mahali, wakati eSIM ya msafiri yenyewe inafanya kazi kwa romingi. Voda zima, eSIM washa.

Fundi wa One Way

Pengo hilo mama anaweza kulivuka kwa waifai ya hospitali au ya nyumba ya wageni, na bado bajeti imebaki. Mimi nisingempa mtu wa umri huo kitu cha tatu cha kukisimamia.

Kondoa Tech

Tukubaliane kutokubaliana, mkuu. Mgonjwa akishuka saa nane usiku na gari la hospitali halionekani, waifai ya nyumba ya wageni haikusaidii.

Dada wa Kikuyu Kusini

Basi kwa usiku huo mmoja anunue kifurushi kidogo cha romingi cha siku moja kwenye Voda, akiuliza kwanza kama India imo, awashe romingi ya data akitua na aizime kifurushi kikikaribia kuisha. Simu isiyo na eSIM haina njia nyingine.

Dubai: meseji na picha za WhatsApp zinapita, ila kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa kule. Asidhani simu imeharibika. Atumie waifai ya uwanja na kuandika au kutuma sauti iliyorekodiwa.

Mpwapwa Sec

Upande wa usalama. Laini ya Voda ikipotea Chennai, huwezi kwenda wewe dukani Dodoma ukamrudishia. Kurudisha laini kunahitaji kidole cha mwenyewe. Kwa hiyo laini hiyo isitolewe kwenye simu kabisa. Asiipishe nafasi kwa ajili ya laini nyingine na kuifungia kwenye kitambaa. Simu ikiibiwa, M-Pesa, benki na WhatsApp vyote vimeenda pamoja. Fedha za dharura zikae pia kwenye akaunti ya mtu mwingine wa nyumbani.

Akiweka laini ya Kihindi, WhatsApp inaweza kumuuliza kama amebadilisha namba. Jibu ni hapana. Na asiifute kisha kuisakinisha upya akiwa kule, wala asijaribu kuihamishia kwenye simu nyingine bila sababu. Awashe uthibitishaji wa hatua mbili sasa hivi, na tarakimu zake sita ziandikwe mahali unapopajua wewe.

Programu ya benki mjaribu nyumbani: zima data ya Voda, tumia waifai tu, fungua na fanya muamala mdogo. Nyingine hazikubali kufunguka kwa waifai mpaka zione data ya laini iliyosajiliwa. Ni vizuri kulijua hilo Dodoma. Menyu za *150*00# msizitegemee sana nje, kupita kwake kunategemea mtandao wa kule.

Mzabibu wa Makutupora

Nimekaa na simu yake. EID hakuna, kwa hiyo ni laini ya kule. Tundu la pili ni la peke yake, kadi ya kumbukumbu ina lake. Bendi 3, 5, 8 na 40 zote zipo. Kitochi abebe au aache?

Fundi wa One Way

Abebe kama ni cha 2G na hakijafungiwa laini za kampuni moja tu, halafu laini ya Airtel ya kule ikihitajika ihamie humo Tecno inapokuwa kwenye chaji. Chaji ya Tecno ikiwa ya pini tatu bapa, soketi za India ni za pini za duara. Adapta inunuliwe hapahapa Majengo. Umeme wenyewe ni volti 230 kama wetu. Betri ya akiba iwe kwenye begi la mkononi, si lile linalokwenda chini ya ndege. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 na kikomo cha kawaida ni 100.

Namba za kwenye kitabu cha simu zibadilishwe zote. Iliyohifadhiwa 0754 haitoki kutoka India. Ondoa sifuri, weka +255 mbele. Kwa namba mia tatu ni kazi ya jioni moja. Anza na watu kumi anaowapigia kweli.

Dada wa Kikuyu Kusini

Na saa ya Chennai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Mkimpigia saa nne usiku baada ya taarifa ya habari, kule ni saa sita na nusu na mgonjwa amelala.