Nani alikomesha utumwa Kongo? Njooni tujadiliane, watu wa Lubumbashi

Bandugu, wazee wengi hapa mjini walifundishwa shuleni kwamba Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, ndiye aliyetutoa katika minyororo ya Waarabu, wafanyabiashara wa watumwa kutoka pwani ya mashariki, na mpaka leo kuna wanaotaka watoto waendelee kufundishwa hivyo. Mimi nakataa. Anayepinga alete hoja.

Mwaka 1887 Leopold alimteua Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, kuwa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo), kwa mshahara. Mwaka uliofuata Kardinali Lavigerie, Mfaransa wa Kanisa Katoliki, alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, makanisa yakajaa, na ghafla mfalme naye akawa mkombozi. Mkutano wa mataifa huko Brussels kuhusu biashara ya watumwa ulipomalizika tarehe 2 Julai 1890, alitoka na ruhusa ya kutoza ushuru wa forodha hadi asilimia 10, ushuru aliokatazwa katika mkutano wa Berlin mwaka 1885. Eti ni gharama za kupambana na utumwa.

Siku 16 baadaye, George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyekuwa akimsifu Leopold kabla ya kufika huku, alimwandikia barua ya wazi kutoka Stanley Falls hiyo hiyo. Alisema serikali ya mfalme inanunua na kuuza watu, tena inatoa pauni 3 kwa kila mwanamume mwenye nguvu anayefaa kuwa askari. Huyo ndiye mpinga utumwa ninayemtaka vitabuni.

Mtu wa Katuba: Papa, mbona Msiri, mfalme wa Bunkeya, umemruka? Bunkeya iko hapa hapa Katanga. Pembe, shaba na watu vilitoka kwake, bunduki na baruti zikaingia. Wasanga, watu aliowatawala, walikuwa wameshamwasi kabla Wazungu hawajampiga risasi Desemba 1891. Aliyekuwa anasubiri kuuzwa hakuuliza aliyevunja soko lile ana nia gani.

Mama wa Ruashi: Nyote mnahesabu wafalme. Wanawake walioachwa na misafara ile ya watumwa walikwenda wapi? Wengi walibaki katika nyumba za waliowanunua, wakaitwa wake. Watoto waliotolewa mikononi mwa Waarabu walipelekwa katika makoloni ya watoto, yaani kambi za kuwalea, wavulana wakalelewa kuwa askari. Kisha likaja suala la mpira, ule utomvu wa mwituni: wanaume wakafukuziwa mwituni kuugema, wake zao wakafungwa kama rehani mpaka kilo zitimie. Mwenye kushikwa rehani ni huru wa namna gani?

Mama, umesema lililonikaa kooni. Kwa Papa wa Katuba: nakubali, Msiri aliuza watu, na kumficha ni kuwakosea waliouzwa. Lakini vita vya 1892 hadi 1894 viliwang'oa Waarabu kule Nyangwe na Kasongo, miji yao ya mashariki, na mto Kongo ukabaki na mnunuzi mmoja tu, mwenye bendera na jeshi. Ilibidi Roger Casement, konseli wa Uingereza, aandike ripoti yake juu ya ukatili huo, mwandishi wa habari Morel apige kelele Uingereza tangu 1900, ndipo mwaka 1908 Leopold anyang'anywe Kongo. Na hata hapo, kuanzia 1910, mawakala wa Bourse du Travail, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, walizunguka vijijini kutafuta watu wa migodi yetu, na wengi hawakuja kwa hiari.

Mtu wa Katuba: Basi Williams aingie kitabuni, sina neno. Lakini ukurasa wa Msiri usichanwe, na uandikwe na watu wa huku.