Gari ya Marehemu (kikundi cha familia)

Zuhura 07:02
Assalaam alaikum. Maonyesho ya magari ya Ngong Racecourse, Nairobi, ni Jumapili ijayo. Fomu nimejaza: Peugeot 404, rangi asili kijani. Naituma leo saa kumi. Lori la kuibeba kutoka Mombasa ni 3,000 kila mtu. Kalipa Saidi peke yake

Zuhura 07:40
Naona mnasoma. Tiki za buluu hazilipi lori

Kassim 09:15
Wa alaikum salaam dada. Kabla hujatuma, tazama
[Picha]

Zuhura 09:16
Kassim. Nini hii

Kassim 09:16
Ringi inchi 17. Taa za zambarau uvunguni. Spoila yaja kesho, ni ya Subaru lakini fundi ataichonga ikae

Swaleh 09:20
Ishakuwa keki ya harusi 😂😂

Tima 09:21
Anko hizo taa ni za kuvulia dagaa?

Zuhura 09:24
Waamuzi wale huchungulia mpaka uvunguni! Alama zitakwisha hata boneti haijafunguliwa

Kassim 09:25
Afadhali wasiifungue 😅 nataka kutia injini ya Probox

Saidi 10:48
Injini ya 404 imelazwa ubavu, nyuzi 45. Boneti yake iko chini vile kwa hilo. Hiyo ya Probox itakaaje? Halafu Probox yavuta kwa mbele, 404 yasukuma kwa nyuma. Utaendesha kinyumenyume mpaka Ngong?

Kassim 10:55
Bert Shankland alishinda mbio za Safari Rally 1966 na 1967 kwa 404. Mwadhani ilikuwa vile vile ilivyotoka dukani?

Zuhura 10:56
Shankland hakuwa na taa za zambarau

Swaleh 10:57
Twajuaje, picha zote nyeusi na nyeupe 😂

Zuhura 10:58
LORI jamani

Kassim 11:03
Ajabu. Ringi zangu zimewauma, lakini bampa ya nyuma ilipokwenda Voi hakuna aliyeitisha kikao

Saidi 11:30
Hilo tulilimaliza

Kassim 11:30
Mlilimaliza nyinyi

Mwanasha 11:34
Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 11:34
Nimeuona Mwanasha

Rukia Muscat 13:20
Ndo natoka kazini. Kuna msiba? Meseji zote hizi

Tima 14:06
Bibi kanipokonya simu kasoma zote. Asema niandike neno kwa neno:
"Gari ile ilikuja nyeupe. Hiyo kijani mnayoiita asili ni rangi ya madirisha iliyombakia baba yenu. Aliipaka mwenyewe kwa brashi, na mlango wa kulia una nywele za brashi zimegandia mpaka leo. Mie sikupenda. Nilinyamaza kwa vile alifurahi. Kassim, taa toa. Zuhura, neno asili lifute. Na injini ya mume wangu haing'olewi mie ni hai. Bampa ya Voi naijua pia."

Saidi 14:31
Naam Mama

Swaleh 14:31
Naam Mama

Kassim 14:40
Naam Mama. Na ringi?

Tima 14:41
Kalala

Zuhura 15:12
Kwa hiyo naandika nyeupe au kijani?

Zuhura 15:38
Jamani saa kumi hiyo

Rukia Muscat 15:51
👍

Zuhura 15:51
👍 ya nini Rukia