Bendera ya Virginia iliyoko Minnesota: irudishwe au ibaki?

Mleta mada

Wakuu, kuna kitambaa chekundu chenye msalaba wa buluu na nyota nyeupe ambacho majimbo mawili ya Marekani yanakigombea mpaka leo. Ni bendera ya vita ya Rejimenti ya 28 ya Virginia, iliyopigana upande wa Kusini kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Iko St. Paul, kwenye Jumuiya ya Historia ya Minnesota. Virginia imeiomba zaidi ya mara moja, Minnesota imegoma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ibaki huko huko.

Sababu yangu inaanza na walioiteka. Aprili 1861, ngome ya Fort Sumter ilipoanguka mikononi mwa waasi wa Kusini, Gavana Alexander Ramsey wa Minnesota alikuwa Washington kwa shughuli zake. Akawahi kuahidi askari 1,000 kabla ya gavana mwingine yeyote. Jimbo lenyewe lilikuwa na miaka mitatu tu tangu lizaliwe. Ndipo ikaundwa Rejimenti ya 1 ya Minnesota, askari wa miguu wa kujitolea: wakata magogo, wakulima, makarani. Hakuna aliyeswagwa. Sheria ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima upande wa Kaskazini ilikuja 1863.

Bull Run, Julai 1861, jeshi la Kaskazini lilipotimua mbio, hawa walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka uwanjani, wakiwa wamepoteza watu wapatao 180 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea. Antietam nako waliumia vibaya. Halafu Gettysburg. Jioni ya 2 Julai 1863 Jenerali Winfield Hancock wa Kaskazini aliona brigedi ya Kusini kutoka Alabama, chini ya Cadmus Wilcox, inaelekea kwenye pengo katikati ya mstari wake. Askari wa akiba walikuwa njiani, yeye alihitaji dakika chache tu. Waliokuwa karibu naye ni watu 262 wa Minnesota. Akamwamuru Kanali William Colvill awapeleke. Wakateremka mbio, singe mbele, dhidi ya kundi lililowazidi mara kadhaa, na pengo likazibwa. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba 215 walianguka. Wapo wanahistoria wanaosema imetiwa chumvi, lakini hata wao hawabishi kwamba zaidi ya nusu waliuawa au kujeruhiwa.

Kesho yake, shambulio la Jenerali Pickett wa Kusini lilipofika, Marshall Sherman, askari wa kawaida tu, aliiteka bendera ya 28 ya Virginia. Akapewa Nishani ya Heshima. Mwaka uliofuata akapoteza mguu vitani. Leo mtu aje aseme "rudisheni"? Karibuni, ila tujibizane kwa hoja.

Mchangiaji, Iringa

Mleta mada umeandika vizuri, ila hoja yako ina tundu. Sherman alikuwa wa Kombania C, na tarehe 2 kombania hiyo ilikuwa imetengwa kwa kazi ya polisi wa jeshi. Haikuwemo kwenye lile shambulio la watu 262. Umechukua damu ya tarehe 2 ukalipia bendera ya tarehe 3.

La pili ni zito zaidi. Sisi huku tunalijua neno "kimetekwa vitani". Fuvu la Mtwa Mkwawa liliandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 na bado halikufika Kalenga hadi 1954. Kila mwenye makumbusho Ulaya anayegoma kurudisha kitu anasema kama wewe: tulipigana, tulishinda. Ukimkubalia Minnesota, Mjerumani utamjibu nini?

Mchangiaji, Mombasa

Jesse Ventura, yule mcheza mieleka aliyekuwa gavana wa Minnesota, alipoulizwa kwa nini hairudishwi alijibu kwa mkato kwamba wao ndio walioshinda. Mie sina la kuongeza.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Iringa, kuhusu Kombania C ni kweli, lakini rejimenti ni moja. Aliyelinda nyuma na aliyekwenda mbele walikula kiapo kimoja.

Kuhusu Mkwawa nakataa katakata. Lile ni fuvu la mtu, na aliyelichukua alikuja kuteka nchi ya watu. Bendera hii ilibebwa na askari wenye silaha, upande uliotoka kwenye Muungano kulinda utumwa, ikatekwa mchana kweupe na aliyekuwa akipigwa risasi. Hakuna nyumba iliyovunjwa hapo.

Tena kama yupo atakayesema irudishwe kwa ajili ya maridhiano, nijue ana maana gani. Mwaka 1887 Rais Grover Cleveland alitaka bendera za Kusini zirudishwe, maveterani wa Kaskazini wakachachamaa, akafuta amri yake. Mwaka 1905 Bunge likaamua zirudi, na zilizokuwa kwenye Idara ya Vita zikarudi. Angalia Virginia ilikuwa wapi wakati huo: katiba yake ya 1902 ilikuwa imewafyeka wapigakura weusi kwa kodi na mitihani ya kusoma. Wazungu walipatana wao kwa wao, mweusi akiwa nje ya mlango.

Mchangiaji, Minneapolis

Naishi huku, ngoja niwape upande ambao mleta mada hakuugusa. Wakati rejimenti hii inapigana mashariki, Minnesota yenyewe ilikuwa ikiwafukuza Wadakota, wenyeji wa asili wa huku. Desemba 1862 wanaume 38 walinyongwa Mankato kwa siku moja. Taoyateduta, kiongozi wao ambaye Wazungu humwita Little Crow, alipigwa risasi karibu na Hutchinson tarehe 3 Julai 1863. Siku ile ile Sherman anateka bendera! Ngozi ya kichwa chake na mifupa yake vilikaa kwenye hiyo hiyo Jumuiya ya Historia mpaka 1971, ndipo ndugu zake wakamzika. Kwa hiyo "tulishinda, ni chetu" ilishawahi kusemwa huku, na kwa kitu kibaya zaidi kuliko kitambaa.

Mleta mada

Hilo linaniumiza na silitetei. Lakini linaunga mkono nilichosema: mwili wa mtu una ndugu wa kuuzika. Bendera ya jeshi lililovunjwa 1865 inamdai nani? Virginia ya leo ina wajukuu wa watumwa pia. Nao waulizwe kama wanaitaka.

Mchangiaji, Iringa

Sawa, tuachane na umiliki. Mwaka 2013, ilipotimia miaka 150 tangu Gettysburg, Virginia iliomba kuazimwa tu. Gavana Mark Dayton akakataa hata hilo. Mwenye uhakika na hati yake anaogopa nini kuazima?

Mleta mada

Anaogopa isirudi, mkuu. Bendera iliyokuwa ikidaiwa irudishwe kabisa, leo unaiomba kwa mkopo? Mimi nisingeitoa.