Kustaafu: kubaki Uingereza, kurudi Tanga, au mguu huku mguu kule? Naomba ulinganisho

MzeeWaLeicester

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naomba uzoefu wa waliokwisha vuka mto huu. Machi hii ya 2026 natimiza miaka 66, umri wa kuanza pensheni ya serikali. Nimeponea chupuchupu, maana waliozaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 1960 ndio wanaoanza kusogezwa kidogo kidogo mpaka 67. Nilibeba maboksi miaka michache ya mwanzo, kisha hospitali miaka 28, msaidizi wa wauguzi. Pensheni ya serikali nimeambiwa nitapata kamili, pauni 230.25 kwa wiki, na ya kazini kidogo juu yake.

Mwaka 2006 nilichukua pasi ya Uingereza, na mnaijua sheria yetu: ukichukua uraia wa watu kwa hiari yako, wa kwetu umekwenda. Mama watoto alikataa. Alisema katika nyumba hii lazima abaki Mtanzania mmoja. Yeye yupo kwa kibali cha ukaazi wa kudumu.

Sasa tumekwama. Nikibaki Leicester, matibabu bure, basi bure, wajukuu wako mtaa wa pili. Lakini kodi ya pango na gesi vikishalipwa, kinachobaki ni cha kununulia maziwa na gazeti. Nikirudi Tanga, nina kiwanja Pongwe, msingi umeshamwagwa zege, hela hiyohiyo nitakula samaki na kuku. Mke anataka tugawe mwaka, miezi sita huku, miezi sita kule.

Ila nitasema ukweli, kinachonikosesha usingizi ni siasa, na za pande zote mbili. Huku, chama cha Reform UK kilitangaza Septemba 2025 kwamba wakishika serikali watafuta vibali vya kudumu kama alichonacho mke wangu. Kule, yale ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 mliyaona wenyewe. Siku kadhaa sikuweza kumpata dada yangu hata kwa ujumbe.

Nawasilisha.

Mama_Mwambani

Marahaba, mdogo wangu. Hesabu yako ina tundu, na tundu hilo ndilo lililotuzamisha sisi.

Niliondoka Birmingham mwishoni mwa 2016, pensheni ikiwa pauni 155.65 kwa wiki. Leo hii, mwaka 2026, naletewa pauni 155.65. Haijapanda hata peni. Shoga yangu tuliyekuwa zamu moja, umri mmoja, michango sawasawa, alibaki kule na sasa anapata 230.25. Tofauti pauni 74.60 kila wiki ya Mungu.

Pensheni ya serikali ya Uingereza inagandishwa siku unapohamia nchi isiyokuwa na mkataba nao. Tanzania haina. Kenya haina. Ufilipino inao, Jamaika inao, Mauritius hapo jirani inao. Mimi haya niliyajua nimeshauza vyombo vya ndani. Hakuna aliyenificha, tatizo ni kwamba sikuuliza. Nilikuwa nawaza marumaru na mabati.

Na uzoee cheti cha uhai. Wanakutumia fomu, unatafuta mtu anayekubalika asaini kwamba bado unapumua, unairudisha. Fomu ikipotea njiani, malipo yanasimama. Mara moja nilikuwa marehemu wa makaratasi kwa muda, nikawa nakopa mchele dukani.

Dogo_wa_Ughaibuni

Kwa hiyo jibu ni Mauritius 😂 Mzee panda ndege, ukapike pilau huko huku pensheni inapanda kila Aprili.

Mama_Mwambani

Cheka tu, mwanangu. Na wewe utazeeka.

Mkongwe_wa_Nyali

Mzee mwenzangu wa Leicester, salamu kutoka Mombasa. Nami niseme la Marekani upate kulinganisha, kwa kuwa watu husema pensheni za majuu kana kwamba zote ni moja.

Nilifanya kazi Minnesota miaka 27. Mimi ni raia wa kule na raia wa Kenya pia, Katiba ya 2010 ilituruhusu. Pensheni yangu ya Social Security inanifuata Nyali na inaongezeka kila Januari kama ningekuwa Minneapolis. Mwaka huu imeongezwa asilimia 2.8. Hapo tumewashinda Waingereza.

Bima ya afya ndiyo yenye kuuma. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, haivuki bahari. Nikiugua hapa, dola yao hainilipii hata panadoli. Lakini sehemu B, ile ya madaktari, nimeendelea kuilipa, mwaka jana dola 185 kwa mwezi, mwaka huu 202.90, kwa sababu nikiiacha na kesho nikahitaji kurudi, faini ni asilimia 10 kwa kila mwaka niliokaa nje yake, na hiyo faini haiishi. Kwa hivyo kila mwezi namlipa daktari nisiyemwona. Bima ya hapa nalipa kando.

Halafu kuna shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Tulikuwa wafalme, bwana. Dola 1,500 ilikuwa 240,000. Kabla mwaka haujafika katikati dola ikashuka hadi karibu 129, na 1,500 ile ile ikawa 193,500. Mlinzi alitaka mshahara ule ule. Nilimfuata jamaa wa benki kana kwamba yeye ndiye aliyeishusha.

Siasa? Juni 25, 2024 vijana walipoingia Bungeni Nairobi, nilikuwa barazani nimekaa na kahawa, na mwanangu wa Minnesota ananipigia simu kila saa: baba, rudi. Nirudi wapi? Niko nyumbani. Siku ya pili Rais akaukataa ule Mswada wa Fedha vijana waliokuwa wakiupinga. Lakini nimegundua kitu: nikiwa Marekani nilikuwa nawapigia wa huku simu kuuliza kama wako salama, sasa wa kule ndio wanaoniuliza mimi, na mimi nawauliza wao.

Hata kura ni hivyo hivyo. 2022 Wakenya wa Marekani walipata vituo Washington, New York na Los Angeles tu, na kura ni ya rais peke yake. Mtu wa Minnesota apande ndege akapige kura moja! Agosti 2027 nitaenda kwa miguu hapa shule ya jirani.

Fundi_wa_Mahesabu

Mzee wa Leicester, Mama Mwambani amesema kweli tupu, ila naongeza mambo ambayo yatakuokolea hela.

Kwanza usihame kabla ya tarehe 6 Aprili. Siku hiyo pensheni kamili inapanda kutoka 230.25 kwenda 241.30. Inaganda pale ulipoondokea. Ukihama Machi kwa haraka ya kukwepa baridi, umejikata pauni 11.05 kwa wiki mpaka kufa. Baridi ya mwezi mmoja inavumilika.

Pili, kinachoganda ni ya serikali peke yake. Ile ya kazini ya hospitali inapandishwa kila mwaka kufuata bei za vitu popote unapoishi, hata ukiwa Pongwe. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili, wanaogopa kuhama bila sababu au wanahama bila kujua. Ukiwa na miaka 28 ya michango, hiyo ya kazini ndiyo mguu wako wa kusimamia.

Kesi za kupinga kugandishwa zimeshapelekwa. Mama mmoja Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, Annette Carson, alifika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na 2010 akashindwa. Kwa hiyo usipange bajeti ukitegemea kwamba watalegeza.

Kama ulikuwa unaiwaza Kenya kwa sababu ya hospitali za Mombasa: kibali chao cha wakaazi wasiofanya kazi, daraja K, kinataka kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni ya serikali peke yake ni kama dola 16,000. Piga hesabu na ya kazini kama unafika.

Ila mimi naona umelinganisha vitu visivyo. Umeweka gesi upande huu na samaki upande ule. Weka vile ambavyo serikali inaweza kukunyang'anya. Wewe Leicester hakuna wa kukutoa, una pasi. Mkeo anaweza kutikiswa. Pongwe ni kinyume: mkeo hakuna wa kumtoa, wewe ndiye mgeni. Ndoa yenu ina bima pande zote mbili kama mtaitumia. Kiwanja kimeandikwa jina la nani?

MzeeWaLeicester

Aa. Cha mdogo wangu. Mwaka 2011 nilipokinunua nilikuwa tayari Mwingereza, nikaambiwa asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa ya uwekezaji. Tukaandika jina lake. Ni ndugu wa tumbo moja.

Mama_Mwambani

Ukaacha jina la mkeo, Mtanzania aliyelala pembeni yako, ukaandika la mdogo wako?

MzeeWaLeicester

Wakati ule niliona ni wepesi, yeye alikuwa kule kule.

Binti_wa_Zinjibari

Wazee wangu shikamooni. Mimi sijastaafu, niko Dubai na mume wangu, ila tumeanza kupanga mapema kwa sababu huku hakuna pensheni ya mgeni. Ukimaliza mkataba unapewa kiinua mgongo mkupuo mmoja, kwaheri. Na kibali chako cha kuishi kimefungwa na kazi, kazi ikiisha na kibali kinakwenda. Kwa hiyo mkiona Waingereza wanalalamika kugandishiwa, sisi hatuna hata cha kuganda.

Zanzibar ni mlango mwingine kwa asiye raia. Wageni wanaruhusiwa kununua fleti kwenye miradi iliyoidhinishwa, kama kule Fumba, na ukinunua ya kuanzia dola 100,000 unaweza kuomba kibali cha ukaazi. Ghali kuliko Pongwe, tena sana. Lakini hati inakuwa na jina lako, si la ndugu.

Na ile Hadhi Maalum ya diaspora? Bunge lilipitisha marekebisho mwanzoni mwa 2025, mtu mwenye asili ya Tanzania mwenye pasi ya nje apewe nafuu ya kuingia, kukaa na kumiliki ardhi. Mzee si ungeifuatilia hiyo?

Fundi_wa_Mahesabu

Aifuatilie, ndiyo. Ila ajue si uraia pacha. Kura haimo. Atakuwa na kiwanja bila sauti.

Mkongwe_wa_Nyali

Kura ya Uingereza anayo lakini. Ile sheria ya kumnyima kura aliyekaa nje zaidi ya miaka 15 waliiondoa Januari 2024. Raia wao akihama hata miaka 30 anapiga kura ya ubunge. Mkewe ndiye kinyume: akiwa Leicester anapiga kura kama mtu wa Jumuiya ya Madola, akihamia Tanga inakwisha.

Mama_Mwambani

Hebu turudi kwenye miezi sita sita, maana naona mke ndiye mwenye akili humo ndani.

Uzuri wake: ukibaki mkaazi wa Uingereza kweli, si wa anwani ya mtoto tu, pensheni inaendelea kupanda na hospitali ni haki yako. Ukihamia huku moja kwa moja halafu ukaenda kule kusalimia wajukuu, matibabu ya hospitali yanalipiwa kama mgeni, ukiacha ya kitengo cha dharura. Siku ukirudi kuishi unapokelewa upya, na pensheni inafufuka. Mimi najua wazee watatu waliorudi kwa ajili ya nyonga na figo. Walirudi wamechoka, hawana nyumba, wanaanza foleni ya nyumba za halmashauri.

Mke wako aangalie kitu kimoja: akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, kibali cha kudumu kinakufa chenyewe, hakuna haja ya chama chochote kuja kukifuta. Miezi sita haina shida.

Ubaya: nauli za ndege za watu wawili, na unalipa pango Leicester kwa nyumba unayolala nusu mwaka. Hapo ndipo sisi tuliposhindwa. Marehemu mume wangu alisema hatuwezi kulipia vitanda viwili tukiwa na mgongo mmoja.

Na kuhusu Oktoba, nikwambie lililonikuta, maana wengi mnaongea siasa kama mpira. Nilikuwa Dar kwa binti yangu. Intaneti ikazimwa, na kutoka nje mwisho saa kumi na mbili jioni. Pensheni yangu inaingia benki ya Uingereza, naivuta kwa programu ya simu. Bila intaneti sina hela. Nina pauni zangu, ninaziona kichwani, na siwezi kununua dawa ya presha. Vidonge vilibaki vya siku tatu. Mwenye duka la dawa alinikopesha kwa kuwa ni jirani wa binti yangu. Tangu hapo naweka matumizi ya miezi miwili kwenye benki ya hapa Tanga, na kidogo kingine kiko ndani ya kibweta. Wewe ukija, fanya hivyo kabla ya kufungua mabegi.

Sikuambii usije. Mimi asubuhi naamka nasikia bahari, na nikiumwa kichwa watu watano wanajua. Birmingham niliwahi kulala na homa siku nne, mlango haukugongwa.

MzeeWaLeicester

Nimemsomea mama watoto uzi wote. Amecheka pale penye mdogo wangu, halafu hakucheka tena.

Tumekubaliana hivi. Hatutoki kabla ya Aprili. Tunahama kwenye nyumba hii tuchukue ya chumba kimoja, mwanangu wa kwanza amesema atachangia. Novemba tunakwenda Tanga miezi mitano tuone mwili unasemaje. Hadhi Maalum naanza kukusanya vyeti, cha kuzaliwa kwangu kiko Korogwe, sijui kama karatasi bado inasomeka. Na kiwanja kinahamishiwa jina la mke kabla ya tofali moja kupanda.

Hilo la mwisho nimempigia mdogo wangu kumweleza Jumatatu. Alisema sawa kaka, nakupigia baadaye. Leo Ijumaa.

Mama_Mwambani

Nipe namba ya kiwanja kwa ujumbe wa faragha. Keshokutwa nina safari ya Pongwe kumwona mgonjwa, nitapita niangalie huo msingi kama bado ni msingi.